Mlango na Nyumba: Historia ya Ndoa za Ugenini

Ndoa ni mkataba wa watu wawili, walakini mashahidi wake ni wengi: wazazi, jamaa, dini na dola. Mtu aoapo au aolewapo kwao, mashahidi hao wote husimama mahali pamoja, na sheria inayofunga ndoa ndiyo hiyo hiyo itakayomlinda mume, mke na watoto wao. Lakini ndoa ifungwapo safarini, katika nchi iliyofikiwa kwa matembezi ya siku chache, mashahidi hutawanyika. Sheria ya ugenini huifunga. Sheria ya nyumbani huihoji itakaporudi. Wahenga walisema kuwa nyumba njema si mlango. Historia ya ndoa za ugenini ni historia ya watu waliopita katika mlango mzuri bila ya kujua nyumba ilikuwa na nini ndani. Na aghalabu waliolipa gharama ya kutojua huko walikuwa wanawake na watoto.

Swali hili lilifika mbele ya mahakama ya kanisa mjini London mwaka 1752. Vijana wawili Waingereza walikuwa wamefunga ndoa Ufaransa mbele ya kasisi, kwa siri, bila ya idhini ya wazazi. Sheria ya Ufaransa haikuitambua ndoa ya namna hiyo. Mahakama ya London iliulizwa kama Waingereza wawili walikuwa wamefungwa na sheria ya nchi waliyokuwa wageni ndani yake. Ilijibu kuwa ndiyo: ndoa iliyo batili mahali ilipofungwa ni batili pia kwingine. Tangu hapo kanuni ikakua kuwa sheria ya mahali ndiyo iamuayo namna ya kufunga ndoa, yaani nani afungishe, mashahidi wawe wangapi, na tangazo litolewe vipi. Mgeni hachukui mlango wa kwao mkononi aendako. Huingia kwa mlango wa mwenyeji wake.

Watu hawakuchelewa kuona faida ya kanuni hiyo. Mwaka 1753 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya ndoa iliyoanza kutumika tarehe 25 Machi 1754. Ilitaka ndoa ifungwe kanisani kwa matangazo au kwa leseni, na kijana aliye chini ya miaka 21 aliyeoa kwa leseni awe na idhini ya mzazi. Lakini sheria hiyo haikuvuka mpaka wa Uskoti, ambako mwanamume na mwanamke waliweza kuoana kwa kutamka tu mbele ya mashahidi kuwa wanakubaliana. Kijiji cha Gretna Green, kilicho karibu na mpaka, kikawa kimbilio la wapenzi waliokimbia wazazi wao, na karakana ya mhunzi ikapata sifa ya kufua ndoa kama ifuavyo chuma. Mwaka 1856 Bunge liliweka sharti kuwa mmoja wa wanaooana awe amekaa Uskoti siku 21 kabla ya ndoa. Na mwaka 1940 ndoa za kutamka mbele ya mashahidi zilikomeshwa. Sharti la siku 21 lafaa kutazamwa vizuri. Halikumkataza mgeni kuoa. Lilimwambia tu asioe akiwa mpita njia.

Mpaka hapa mazungumzo yalikuwa ya mlango. Habari ya nyumba ilidhihirika katika shauri moja la kusikitisha. Mwaka 1850 Mwingereza mmoja, mjane, alikwenda kwa ziara fupi pamoja na dada wa marehemu mkewe mpaka Wandsbek, katika jimbo la Holstein lililokuwa chini ya mfalme wa Denmark. Huko wakaoana. Sheria ya Denmark ilimruhusu mtu kumwoa shemeji yake baada ya kufiwa na mke. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1835 iliibatilisha ndoa hiyo kabisa. Bwana na bibi walirudi kwao, wakaishi kama mume na mke, wakapata watoto. Mwaka 1855 wote wawili wakafa, na mali yao ikawa na wadai. Shauri lilipanda mpaka Baraza la Malodi, ambalo wakati ule lilikuwa mahakama ya mwisho ya Uingereza, na hukumu ikatolewa mwaka 1861.

Malodi walipambanua mambo mawili. Namna ya kufunga ndoa, walisema, huamuliwa na sheria ya mahali. Lakini uwezo wa watu hao kuoana huamuliwa na sheria ya nchi yao, mahali walipo na makazi ya kudumu na wanapokusudia kurudi kuishi. Ndoa ya Wandsbek haikuwa na kasoro katika mlango wake, lakini nyumba ilikuwa ya Uingereza, na Uingereza haikuikubali. Hivyo watoto waliozaliwa na kulelewa kama wana wa halali walihesabiwa na sheria kuwa wana wa nje ya ndoa, nao hawakuwa na kosa lo lote. Katazo la kumwoa shemeji liliondolewa na Bunge mwaka 1907, miaka 46 baada ya hukumu. Lililokuwa dhambi katika sheria likawa halali. Lakini waliohukumiwa walikuwa wamekwisha hukumiwa.

Katika shauri hilo mume na mke walikuwa watu wa nchi moja. Mambo huwa mazito zaidi mume na mke watokapo katika nchi mbili na dini mbili, na mfano ulio karibu mno na wasomaji wa Kiswahili wauelekea mji wa Hamburg, ambao Wandsbek ni sehemu yake tangu karne ya ishirini. Kwa mji huo ndiko alikokwenda Salme binti Said.

Salme alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, Unguja, binti wa Sayyid Said bin Sultan. Alipendana na Heinrich Ruete, mfanya biashara Mjerumani aliyekuwa jirani yake mjini. Mwaka 1866, akiwa mja mzito, alitoroka Unguja katika manowari ya Kiingereza, akashushwa Aden. Alikaa huko miezi mingi akimngojea mchumba wake. Tarehe 30 Mei 1867 alibatizwa, akapewa jina la Emily, na siku ile ile akafunga ndoa kwa ibada ya kanisa la Kiingereza. Kisha mume na mke wakasafiri kwenda Hamburg.

Itazamwe Aden siku hiyo. Bwana arusi hakuwa mwenyeji wa Aden. Bibi arusi hakuwa mwenyeji wa Aden. Mji ulikuwa bandari ya Waarabu iliyotwaliwa na Waingereza mwaka 1839, na kanisa lilikuwa la taifa ambalo si la mume wala la mke. Kwa Hamburg, binti huyu alikuwa sasa mke halali wa raia wa mji huo. Kwa Unguja hakukuwa na ndoa kabisa, maana sheria ya Kiislamu haimruhusu mwanamke Mwislamu kuolewa na mwanamume asiye Mwislamu; na kwa kuwa mwenyewe aliiacha dini, alihesabiwa kuwa ameuacha na ukoo. Ibada moja, ya asubuhi moja, ilimfanya kuwa mke upande mmoja wa bahari, na upande wa pili ikamfanya kuwa mtu asiye na kwao.

Mwaka 1870 Heinrich alikufa kwa ajali ya tramu ya kukokotwa na farasi, akamwacha mjane na watoto watatu wadogo. Hapo ndipo uzito wa ndoa ya Aden ulipoonekana. Mama huyu alidai urithi wa ndugu zake waliofariki Unguja baada ya kuondoka kwake. Kaka yake, Sayyid Barghash, aliyetawala tangu mwaka 1870 mpaka 1888, alikataa. Mwaka 1885 serikali ya Bismarck ilimpeleka Unguja pamoja na manowari za Ujerumani, kwa kuwa katika sheria alikuwa mtu wa Ujerumani kwa sababu ya mumewe. Na mwaka huo huo Ujerumani ilikuwa ikigombana na Barghash juu ya nchi za bara. Madai ya mjane yakawa silaha mikononi mwa dola, na dola ilipokwisha pata haja yake iliyaweka chini. Alijaribu tena mwaka 1888, akarudi mikono mitupu. Alikufa mjini Jena mwaka 1924. Jambo la kukumbukwa ni kwamba Salme hakuomba kuwa mtu wa Ujerumani. Alimwomba Mungu mume, sheria ikampa na dola.

Sheria hiyo haikuwa ya Ujerumani peke yake. Mkusanyo wa sheria za Ufaransa wa mwaka 1804 ulisema mke hufuata uraia wa mume. Uingereza iliweka kanuni hiyo mwaka 1870, na Marekani mwaka 1907. Kwa kanuni hiyo mwanamume aliyeoa mgeni hakupoteza kitu. Mwanamke aliyeolewa na mgeni alipoteza nchi yake. Wala haikumlazimu kusafiri. Ethel Mackenzie alizaliwa California, akaolewa mwaka 1909 na Mwingereza aliyekuwa akiishi huko huko. Wanawake wa California walipata haki ya kupiga kura mwaka 1911, naye alipokwenda kujiandikisha alikataliwa kwa hoja kuwa si Mmarekani tena. Mwaka 1915 Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani ilikubali hoja hiyo: mama huyo alijua matokeo ya ndoa yake, na kwa kuolewa aliyaridhia. Basi mwanamke akawa mgeni katika mji aliokuwa hajapata kuuhama. Wahenga wanasema mkataa kwao ni mtumwa. Lakini huyu hakukataa kwao, kwao ndiko kulikomkataa.

Mageuzi yalikuja polepole. Marekani ilianza kuitengua kanuni hiyo mwaka 1922, lakini mpaka mwaka 1931 mwanamke wa Kimarekani aliyeolewa na mtu wa Asia aliyezuiwa kuwa raia aliendelea kupoteza uraia wake. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1948 ilimwachia mke uraia wake. Mwaka 1957 Umoja wa Mataifa uliweka mkataba juu ya uraia wa wanawake walioolewa, ukasema kuwa ndoa, talaka, wala mume kubadili uraia wake, havitambadilisha mke uraia papo hapo.

Lakini mlango mmoja ulipofunguliwa, mwingine uliwekewa mlinzi. Ndoa ilipoacha kumpa mtu uraia papo hapo, dola zilianza kuuliza juu ya ruhusa ya kukaa, na usafiri wa ndege ulipowaleta watalii kwa maelfu, swali hilo likawa la kila siku. Mwaka 1970 Marekani ilianzisha viza ya mchumba, inayomtaka mgeni aoane na mchumba wake katika muda wa siku 90 baada ya kuwasili. Mtalii naye aweza kuoa huko kwa halali. Lakini hati ya ndoa si hati ya kukaa, na aliyesema mpakani kuwa amekuja kutembea, huku moyoni amekuja kuhamia, huhesabiwa kuwa amesema uwongo. Ndoa yake ni kweli. Safari yake ndiyo ya shaka. Denmark, nchi ile ile ya habari ya mwaka 1850, imekuwa tena kimbilio la wageni waoanao kwa haraka, na kisiwa cha Ærø kimepata sifa kwa kazi hiyo. Tangu mwaka 2019 wanaotaka kuoana huko hupimwa kwanza na ofisi moja ya serikali kabla ya kupewa cheti. Ni sharti la siku 21 la Uskoti katika vazi jipya.

Afrika ya Mashariki imeirithi kanuni hii na maswali yake. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 huitambua ndoa iliyofungwa nje ya nchi ikiwa namna yake ni halali mahali ilipofungwa, na ikiwa kila mmoja alikuwa na uwezo wa kuoa kwa sheria ya kwao, na wote wawili waliridhia kwa hiari. Msomaji ataisikia humo sauti ya hukumu ya mwaka 1861. Katika uraia, hata hivyo, mizani haikulingana. Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 ilimfungulia njia mwanamke mgeni aliyeolewa na raia, lakini haikumpa mwanamume mgeni aliyemwoa raia njia kama hiyo. Kenya ilikuwa na upendeleo wa namna hiyo tangu uhuru, mpaka Katiba ya mwaka 2010 iliposema kuwa mtu ye yote, mume au mke, aliyeishi katika ndoa na raia kwa miaka 7, ana haki ya kuomba kuandikishwa, na kuwa uraia haupotei kwa ndoa.

Katika habari zote hizi wapenzi walikuwa wakitafuta mahali pa kuoana, na mahali hapajapata kukosekana. Palipatikana katika karakana ya mhunzi, katika kanisa la bandari na katika kisiwa cha Ærø. Lililokuwa adimu ni mahali pa kuwa mume na mke siku iliyofuata, mwaka uliofuata, na baada ya kifo cha mmoja wao. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe: siku ya arusi ni siku ya ugeni, na sheria za mahali huwa na ukarimu kwa mgeni wa siku hiyo. Jembe huja baadaye, katika urithi, katika uraia na katika jina la mtoto. Na hilo hulimiwa nyumbani. Salme aliifunga ndoa yake Aden kwa siku moja. Miaka 57 iliyosalia ya maisha yake aliitumia kuuliza nyumba ya ndoa hiyo ilikuwa wapi.