Kamusi ya Nani? Ukaguzi wa Tahajia ya Kiswahili baina ya Programu na Mfumo Endeshi

Iwapo programu itumie nyenzo zilizomo katika mfumo endeshi au ibebe zake yenyewe ni swali ambalo kwa kawaida huachiwa wahandisi. Historia ya ukaguzi wa tahajia ya Kiswahili inaonesha kuwa linawahusu pia wanaisimu, kwani ndani yake mna swali jingine: nani ana mamlaka ya kuongeza neno?

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, toleo la Kiswahili la programu huria ya kazi za ofisi. OpenOffice haikutegemea kamusi ya mfumo endeshi. Ilikuwa na kikagua tahajia chake, MySpell, ambacho baadaye kilirithiwa na Hunspell. Kamusi ya vikagua hivyo ni mafaili mawili ya maandishi ya kawaida: orodha ya maneno na kanuni za viambishi. Hilo la pili ndilo lenye uzito kwetu. Neno *hatukuwaambia* lina viambishi vinne kabla ya shina *-ambia*: ha-, tu-, ku- na wa-. Hakuna orodha iwezayo kumaliza maumbo ya namna hiyo kwa kila kitenzi. Mtafiti aliyeijua mofolojia aliweza kulifungua faili la kanuni na kulirekebisha bila kumwomba mtu ruhusa.

Gharama yake ilikuwa utengano. Firefox ilipopata kikagua tahajia mwaka 2006, nayo ilikuja na chake. Neno lililokubaliwa katika waraka liliendelea kupigiwa mstari mwekundu katika kivinjari. Mac OS X ilifuata njia nyingine: kikagua kimoja cha mfumo kwa programu nyingi, lakini lugha zikichaguliwa na Apple. Hali ilibadilika mwaka 2009, toleo la 10.6 lilipoanza kupokea kamusi za Hunspell.

Kwa maoni yangu, badiliko hilo lina uzito kuliko ubishi wenyewe. Mfumo unaopokea kamusi ya mtu wa nje unastahili kutegemewa, kwa kuwa kazi iliyofanywa mara moja huzifikia programu nyingi. Mfumo usioipokea, programu na ibebe kamusi yake, hata kwa gharama ya utengano. LibreOffice, iliyochipuka kutoka OpenOffice mwaka 2010, ingali na kamusi ya Kiswahili, katika mafaili yale yale mawili.