Si Uwanja, ni Weu

Mwezi uliopita, nikisubiri gari pale sokoni Tulia, kijana mmoja niliyemfundisha darasa la saba alinionyesha simu yake. Yeye na wenzake wa Kitui na Makueni hupendekezeana vitabu vya kusikiliza, kila mwezi na mada yake. Mwezi ule ilikuwa safari za baharini, jambo la ajabu kidogo kwa watu ambao mito yao hukauka kila kiangazi. Vitabu huvipata LibriVox, ambako tangu mwaka 2005 watu wa kujitolea wamekuwa wakisoma vitabu vya zamani kwa sauti na kuvitoa bila malipo. Juu ya orodha kijana alikuwa ameandika: "Vitabu vya sauti vilivyo katika uwanja wa umma." Mama anayeuza maembe akachungulia, akauliza, "Mwalimu, uwanja upi huo? Ule wa shule?"

Kijana hana kosa. Neno aliliokota katika orodha ya istilahi ya kamati moja ambayo adabu inanizuia kuitaja. Kamati hiyo niliwahi kuipelekea pendekezo langu, kurasa nne za mwandiko wa mkono, nikajibiwa kwa mistari miwili, jina langu likiwa limekosewa.

Uwanja ni mahali palipo wazi: wa mpira, wa ndege, wa mikutano ambako mwanasiasa hupanda juu ya gari akaahidi maji. Waliotuletea "uwanja wa umma" walilitazama neno la Kiingereza, domain, usoni wasiulize limezaliwa wapi. Lilipitia kwa Wafaransa, na shina lake ni dominium ya Kilatini, yaani umiliki, mamlaka ya dominus, bwana, juu ya kilicho chake. Shina hilo linauliza kitu ni cha nani. Kamati ikajibu kiko wapi.

Wengine, kwa kuliona hilo, hukimbilia "mali ya umma". Hawa nadhani hawaishi Kenya. Kwetu mali ya umma ni gari la serikali lililoegeshwa harusini. Ni kitu chenye mwenyewe asiyeonekana, ambacho mtu akikigusa ama hushtakiwa ama huchaguliwa. Kitabu kilichokwisha hakimiliki hakina mwenyewe, hata serikali si mwenyewe. Nao wanaosema "kitabu cha bure" wanataja bei tu, tena kwa neno ambalo pia hutuambia kazi imepotea. (Kuhusu "kitabu cha sauti" leo nanyamaza, ingawa mwanaisimu akikisikia atadhani ni cha fonolojia.)

Neno langu ni weu.

Wakamba wa zamani waliigawa ardhi kwa majina. Ng'undu ni shamba lenye mwenyewe. Kisesi ni malisho ambayo mtu ameyawekea mpaka, mwenzake asilishe humo bila kuomba. Nje ya hayo kuna weu, nyika ambako yeyote hulisha, hukata kuni, hutundika mzinga. Wagikuyu, ndugu zetu, husema werũ. Kamusi za Kiswahili nazo zinalo weu, kwa maana ya mahali palipofyekwa pakawa tayari kupandwa. Kwa hiyo si mgeni kama wengine wanavyodai, alikuwa amelala.

Huo mzinga ndio ulionifungua macho. Baba yangu alitundika mizinga ya magogo juu ya mbuyu, weuni. Mbuyu haukuwa wake wala wa mtu mwingine. Mzinga ulikuwa wake, una alama ya ukoo iliyochomwa kwa chuma cha moto, na mtu wa kuurina bila idhini alijua kitakachompata. Mashairi ya Muyaka wa Mombasa, aliyefariki mnamo 1840, ni mbuyu. Ukiyafasiri leo ukachapisha, tafsiri ni mzinga wako, una alama yako. Wasomaji wa LibriVox wao wametundika mizinga isiyo na alama, kwa kuwa hata rekodi zao huziachilia weuni, na kila rekodi hufunguliwa kwa kulitangaza hilo. Jaribuni kuyaeleza haya kwa uwanja.

Mtaalamu mmoja, katika warsha ya chai na mandazi, aliniambia mbele za watu kwamba weu ni "kilugha". Ikulu ilitoka kwa Wanyamwezi, na sijasikia rais aliyekataa kulala humo. Akaongeza kuwa weu ni nyika kavu isiyofaa kitu. Huyo hajawahi kufuga mbuzi.

Matumizi ni mepesi: kitabu cha weu, vitabu vya weu, kitabu kimeingia weuni. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, kazi ya mwandishi hulindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Shaaban Robert alifariki 1962. Kwa hesabu yetu aliingia weuni tarehe 1 Januari 2013. LibriVox hufuata hesabu ya Marekani, ambako vitabu vingi vya karne iliyopita hulindwa miaka 95 tangu kuchapishwa, kwa hiyo kitabu chaweza kuwa weuni hapa Tulia na kule kikawa bado ndani ya ua.

Weu wenyewe, ule wa ardhi, umekwisha. Baada ya sheria ya 1968 ya kugawa mashamba, wapimaji walikuja wakapiga vigingi, kila mtu akapata hati, na mbuyu wa baba sasa uko ndani ya seng'enge ya jirani. Neno limebaki halina kazi, nami nimelitafutia.

Orodha ya mwezi huu imeshatoka. Mada ni mvua. Kijana ameandika "vitabu vya weu" mara saba. Simu humgeuzia kila mara ikawa "wewe", naye hufuta, akaandika tena.