Siyo Mapunye, Siyo Ukoma: Safari Ndefu ya Kichwa Chenye Magamba

Jumamosi jioni, saluni imejaa, foleni mpaka nje. Kijana anakaa kwenye kiti, anavua kofia. Kinyozi anashika mashine halafu anasita. "Kaka, hapa siweki mashine. Una mapunye." Watu wote wanageuka. Kijana anarudisha kofia yake, anatoka, na kuanzia siku hiyo ananyolewa nyumbani na mdogo wake, usiku, mlango umefungwa. Kwa mabinti stori ni ileile: msusi anafumua rasta, anakuta magamba yamegandana kichwani, anawaita wenzake waje kuona.

Sasa, vichwa vingi vinavyofukuzwa hivyo havina mapunye kabisa. Vina soriasisi.

Mapunye ni fangasi, yanaambukiza, na watoto ndio wanaoyapata zaidi. Mba nao ni kitu kingine, ule unga mweupe unaodondoka mabegani ukivaa shati jeusi. Soriasisi haitokani na mdudu wala uchafu. Ni kinga ya mwili iliyochanganyikiwa na kuihimiza ngozi ikimbie. Ngozi ya kawaida huchukua kama mwezi mmoja kuzaliwa chini, kupanda juu na kupukutika. Kwenye soriasisi safari hiyo inaisha kwa siku chache tu, kwa hiyo ngozi mpya inafika kabla ya zamani haijaondoka, na zinarundikana. Ndiyo hayo magamba. Kichwani yana tabia ya kuvuka mstari wa nywele, yakashuka kwenye paji la uso, nyuma ya masikio, mpaka kisogoni. Na kwa ngozi nyeusi usitegemee ule wekundu wa picha za mtandaoni. Mara nyingi inakuja na rangi ya zambarau, kijivu au kahawia iliyokolea, juu yake magamba meupe-meupe. Hapo hata mtu wa zahanati anaweza kuandika dawa ya fangasi bila kufikiria mara mbili.

Ila kinyozi wa kitaa asibebeshwe lawama zote. Kosa lake lina umri wa maelfu ya miaka, na waliolianzisha walikuwa wasomi wa zama zao.

Fungua Mambo ya Walawi, sura ya 13. Humo kuna utaratibu mzima wa kumkagua mtu mwenye ugonjwa wa kichwani au kwenye kidevu. Mkaguzi ni kuhani. Mtu anafungiwa siku saba, anaangaliwa tena, ananyolewa ila pale penye ugonjwa panaachwa, anafungiwa siku saba nyingine. Akionekana najisi, anakaa nje ya kambi. Wataalamu wengi wa leo wanakubaliana kwamba neno lililotafsiriwa "ukoma" humo halikuwa na maana ya ukoma peke yake. Lilibeba magonjwa kadhaa ya ngozi kwa mpigo, na ngozi yenye magamba ilikuwa rahisi kuingizwa humo.

Tafsiri hiyo ilisafiri. Ulaya ya zama za kati mtu aliyetangazwa kuwa na ukoma alitengwa na jamii, na sehemu nyingi alitakiwa kubeba kengele au kitu cha kugonga ili watu wasikie wampishe. Wanahistoria wa tiba wanaamini kwamba ndani ya kundi lile walikuwemo watu wa soriasisi tu, watu ambao wasingemwambukiza yeyote hata wangelala naye kitanda kimoja. Majina yao hayapo popote.

Mwaka 1808 hivi, daktari wa London aitwaye Robert Willan alichora na kueleza magonjwa ya ngozi kwa mpangilio mzuri, soriasisi ikiwemo. Shida moja: aina mojawapo aliipa jina lenye neno "lepra", yaani ukoma. Mtu anaeleza vizuri halafu anaharibu kwenye jina! Ilibidi kusubiri mpaka 1841, pale Vienna, Ferdinand von Hebra alipoyatenganisha magonjwa hayo mawili moja kwa moja. Kwa hiyo sayansi yenyewe ina chini ya miaka 200 tangu iache kuwachanganya watu hawa na wakoma. Mtaani zoezi bado linaendelea.

Kupata jina sahihi hakukuleta dawa sahihi. Karne ya 19 wagonjwa wengi walinyweshwa arseniki, ndiyo, sumu ileile ya panya, kwenye maji ya dawa yaliyotengenezwa Uingereza mwaka 1786. Magamba yalipungua kweli, ndiyo maana watu waliendelea kunywa kwa miaka. Baadaye viganja na nyayo zao zikaota vigumba, wengine vikageuka kansa, na miaka ya 1880 daktari mmoja wa London akaandika waziwazi kuwa dawa ndiyo iliyohusika.

Halafu wanaingia watu wawili ambao kila mwenye soriasisi leo ana deni kwao.

Wa kwanza alikuwa mgonjwa wa daktari Heinrich Köbner, mji wa Breslau, ambao siku hizi ni Wrocław, Poland. Jamaa huyu alikuwa mtu wa farasi. Alichubuka kwa kupanda farasi, baada ya muda magamba yakatokea palepale. Farasi akamng'ata, magamba yakaota kwenye alama ya meno. Akachora tatuu, na soriasisi ikaifuata michoro ile. Mwaka 1872 Köbner aliwaeleza madaktari wenzake jambo hilo, na mpaka leo linaitwa kwa jina lake: ngozi ya mtu wa soriasisi ukiijeruhi, ugonjwa unaweza kuota kwenye jeraha. Jina la daktari limebaki vitabuni, la mwenye tatuu hakuna anayelijua. Lakini alichofundisha ni kikubwa kuliko chupa yoyote ya shampuu. Kucha zinazokwangua magamba ni jeraha. Rasta zinazobana mpaka macho yanavutika ni jeraha. Dawa ya kulainisha nywele ikiunguza, jeraha. Na mashine ya kinyozi iliyoshushwa mpaka sifuri ikikwaruza, nayo ni jeraha.

Wa pili alikuwa London, na stori yake ingemfurahisha yule kijana wa Jumamosi. Siku hizo kulikuwa na unga wa dawa ukiitwa unga wa Goa, uliosifika India kwa kutibu choa. Asili yake ilikuwa mti wa Brazil uitwao araroba, na Wareno ndio walioupeleka Goa kwenye koloni lao. Mgonjwa huyo alidhaniwa ana choa, akapaka unga wa Goa, na ngozi ikasafika. Daktari Balmanno Squire alipomwangalia vizuri akagundua haikuwa choa hata kidogo, ilikuwa soriasisi. Mwaka 1876 akatangaza. Yaani kosa lilelile la kuona choa au mapunye pasipo na fangasi, safari hii likazaa dawa! Vita Kuu ya Kwanza ilipofunga njia ya kupata araroba, Wajerumani wakatengeneza mbadala maabara mwaka 1916. Inaitwa dithranoli na bado ipo. Inafanya kazi, ila inachoma ngozi nzima ukikosea, na inapaka rangi mashuka, sinki na vidole. Kichwani inataka moyo.

Wakati huohuo kulikuwa na uchafu mwingine mjini ukitafuta kazi. Miji ya Ulaya iliwasha taa kwa gesi iliyotokana na makaa ya mawe, na gesi ikishatolewa inabaki lami nyeusi, nzito, yenye harufu kali. Lami ya miti ilikuwa ikipakwa kwenye ngozi tangu zamani sana, kwa hiyo hii ya makaa nayo ikajaribiwa. Mwaka 1925 William Goeckerman wa Mayo Clinic, Marekani, alianza kuwapaka wagonjwa lami hiyo na kuwamulika kwa taa ya mionzi ya jua la bandia. Walilazwa wiki kadhaa, wananuka kama barabara mpya, lakini walitoka na ngozi safi. Mjukuu wa tiba ile ndiyo ile shampuu ya kahawia duka la dawa, ambayo ukifungua kifuniko nyumba nzima inajua. Lami inaipunguzia ngozi ile kasi yake ya kuzaliana.

Wengi wanainunua, wanaioshea dakika moja, wanasuuza, halafu wanasema haifai. Ile ni dawa ya ngozi ya kichwa, siyo ya nywele. Inapakwa kwenye mistari, inaachwa kama dakika tano mpaka kumi, ndipo inasuuzwa. Nywele zetu zikikaushwa zinakatika, kwa hiyo mara moja au mbili kwa wiki na mafuta baadaye inatosha kwa wengi, tofauti na Mzungu anayeoga nayo kila siku. Taulo nyeupe iache kabatini. Zile zenye asidi ya salisili kazi yake ni kulainisha magamba yatoke. Na shampuu ya fangasi, ile ya ketokonazoli, ni mwenzake mba. Kwa soriasisi tupu haina makubwa.

Hapa bibi wa pwani naye apewe heshima yake. Mafuta ya nazi kichwani usiku, kitambaa juu, asubuhi magamba yamelainika yanatoka kwa kitana chenye meno mapana bila kukwangua. Huo siyo ushamba. Uingereza kuna marhamu ya soriasisi ya kichwani iliyochanganya lami, salfa na asidi ya salisili, na msingi wake ni mafuta ya nazi hayohayo. Nazi haitibu ugonjwa, inaifungulia dawa mlango, maana dawa ikipakwa juu ya gamba nene inaishia juu ya gamba. Alovera inawapoza baadhi ya watu muwasho. Siki ya tufaha wengine wanaisifu, ila iwe imezimuliwa kwa maji, na kama kichwa kina mipasuko achana nayo. Limao, dawa ya meno na kitunguu saumu kibichi vinaunguza ngozi, na mtu wa Breslau alishaonyesha kinachofuata ngozi ikiumia.

Mwaka 1952 zilianza krimu za steroidi, na hapo mchezo ukabadilika. Zinatuliza haraka, muwasho unakata ndani ya siku chache. Baadaye ikaja clobetasol, kali kuliko zote, ambayo Afrika Mashariki inafahamika kwa kazi nyingine kabisa: ndiyo iliyojificha kwenye mikorogo mingi ya kujichubua. Yaani dawa ambayo mgonjwa wa soriasisi anapewa kwa tahadhari, kwa wiki chache, wengine wanaipaka usoni miaka mitatu ili wawe weupe. Matokeo ni ngozi nyembamba, mishipa nje, chunusi. Kichwani nako ukiipaka kiholela ngozi inachakaa, na ukiikatisha ghafla baada ya muda mrefu ugonjwa unaweza kurudi na hasira. Vidonge na sindano za steroidi ndiyo hatari zaidi, na bado kuna watu wanachomwa kwa sababu "zinakausha fasta".

Bahati nayo haikuacha kazi. Mwaka 1951 Marekani, dawa ya kansa ya damu ilijaribiwa kwa watu wa baridi yabisi, na mgonjwa mmoja mwenye soriasisi akaona magamba yanayeyuka. Ndugu wa dawa hiyo, methotreksati, leo inatumika kwa soriasisi kali duniani kote na bei yake si ya kutisha, ingawa inataka vipimo vya damu na haiingiliani kabisa na ujauzito. Mwaka 1985 Osaka, Japani, mgonjwa aliyepewa aina ya vitamini D kwa sababu ya mifupa iliyodhoofika aliona ngozi yake yenye soriasisi imesafika. Kutoka kwake zikatengenezwa dawa za kupaka za vitamini D, ambazo sasa zinachanganywa na steroidi kwenye jeli maalumu ya kichwani. Sindano za kisasa zilizoanza miaka ya 2000 ni habari nyingine, na bei yake pia ni habari nyingine.

Mei 2014 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha azimio linalosema soriasisi ni ugonjwa sugu, hauambukizi, unauma, na hauna tiba ya kuumaliza moja kwa moja. Kwa Tanzania, pale KCMC Moshi kuna kituo kilichoanza mwaka 1992 kinachofundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika, na waliopita hapo wametawanyika kwenye hospitali kibao. Viungo vikianza kuuma na kukakamaa asubuhi pamoja na magamba, huko ndiko kwa kukimbilia, maana soriasisi kwa baadhi ya watu inaingia mpaka kwenye maungo.

Na yule kijana wa Jumamosi? Anaweza kunyolewa saluni kama kawaida. Aseme kabla hajakaa kwamba ni soriasisi na haiambukizi, mashine isafishwe kama inavyotakiwa kusafishwa kwa kila kichwa, kinyozi asishuke chini ya namba moja, na pale penye gamba bichi apaache. Makuhani wa Walawi walikosea mengi, lakini hapo pa kutonyoa penye ugonjwa walipatia.