Herufi za Kijani

Mwaka 2007 nilipoteza maandishi ya mzee mmoja wa Magomeni, na nilichokifanya nilikuja kukielewa miezi mingi baadaye.

Alikuwa mwalimu mstaafu. Kompyuta yake ilikaa sebuleni, imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, kama zilivyofunikwa redio na televisheni ya nyumba ile. Ilikuwa imejaa virusi; ukiiwasha asubuhi, unaweza kunywa chai yote kabla haijawa tayari. Nikamwambia dawa yake ni kupiga Windows upya. Akauliza, "Na vitu vyangu?" Nikamjibu kwa kujiamini kwamba vitu vyake viko kwenye sehemu ya diski iitwayo D, mimi nafuta sehemu ya C yenye Windows tu, D siigusi.

Na kweli sikuigusa. Nilipomaliza niliifungua D mbele yake. Folda ilikuwepo, na mafaili yote yalikuwepo, majina yake yameandikwa kwa herufi za kijani: barua kwa wanawe waliotawanyika mikoani, orodha ya ukoo aliyoikusanya kwa miaka, maelezo ya mipaka ya shamba lake la Kisarawe. Nikabofya la kwanza, likakataa. La pili likakataa. Mwalimu akasogeza kiti karibu na skrini.

"Mwanangu, majina nayaona. Mbona hayafunguki?"

Siku ile sikuwa na jibu. Nilipolipata, nilikuta linaanzia mbali sana na Magomeni.

Neno la siri liliingia kwenye kompyuta kwa sababu mashine moja ilikuwa ya watu wengi. Mwaka 1961, katika chuo cha MIT huko Marekani, Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo walioupa jina la CTSS. Kabla ya hapo mtu alikabidhi kadi zake zilizotobolewa, akasubiri zamu. Kwa CTSS watu kadhaa waliweza kukaa kila mmoja kwenye mashine yake ya kuchapa, wote wakiitumia kompyuta moja kwa wakati mmoja, na mafaili yao yote yakilala kwenye diski moja. Aliyepanga katika nyumba zetu za vyumba sita ataielewa hali hiyo mara moja: uani ni mmoja, bomba ni moja, ila kila mlango una kufuli lake. Kufuli alilolichagua Corbató ni neno ambalo kila mtumiaji alilijua mwenyewe.

Lilivunjwa mapema. Mwaka 1962 mwanafunzi wa uzamivu, Allan Scherr, alikuwa ameishiwa saa alizogawiwa za kutumia mashine. Akaiomba mashine imchapie faili lililohifadhi maneno ya siri ya watu wote, nayo ikamchapia. Mwaka 1966 lilitokea kubwa zaidi. Kwa hitilafu ya programu, faili la maneno ya siri lilibadilishana nafasi na faili la tangazo la siku, na kila aliyeingia kwenye mfumo akaonyeshwa maneno ya siri ya wenzake wote. Hakuna aliyekusudia. Siri zote ziliwekwa pamoja mahali pamoja, na zilikuwa zimeandikwa kama zilivyo, bila kuvurugwa kwa hesabu yoyote. Mafundi wa mifumo mikubwa walijifunza hapo, na miaka ya 1970 walikwishazoea kuyavuruga maneno hayo kabla ya kuyahifadhi.

Kompyuta ya nyumbani haikurithi somo hilo. IBM ilipotoa kompyuta yake binafsi mwezi Agosti 1981, waliiunda wakimfikiria mtu mmoja mwenye meza moja. DOS iliyoiendesha haikuuliza wewe ni nani. Hata folda zilikuja baadaye, katika toleo la pili la mwaka 1983. Kilichokuwepo ni alama ya kuficha: faili likiwekewa alama hiyo, halionekani katika orodha ya kawaida. Alama hiyo ililinda hasa mafaili machache ya mfumo wenyewe, mtu asije akayafuta bila kujua. Hata sisi dawa ya panya tunaiweka juu ya kabati ili mtoto asiifikie, na hakuna anayedhani kwamba ameificha mwizi asiione. Lakini alama ile ndiyo iliyokuja kuwa kufuli la mamilioni ya watu, kwa sababu hawakupewa jingine.

Kwetu Tanzania kompyuta za nyumbani zilichelewa. Wizara ya Fedha ilipata kompyuta yake mwaka 1965, lakini mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na mlango haukufunguka sawasawa hadi masharti ya biashara yalipolegezwa. Mimi nilianza ufundi Kariakoo mwishoni mwa miaka ya 1990, na mashine tulizouza zilikuwa za mtumba, zimepitia Dubai au zimetoka Ulaya moja kwa moja. Nyingi zilifika na maisha ya wenyewe ndani: barua za benki, picha za harusi, daftari la marejesho ya mkopo wa nyumba. Mwenye mashine alizifuta, au alidhani amezifuta, kumbe alilolifuta ni jina tu katika orodha na maandishi yenyewe yamebaki kwenye diski. Nilizisafisha bila kusoma. Si wote walifanya hivyo.

Mashine hizo ziliingia katika nyumba ambamo hakuna meza ya mtu mmoja. Baba anaandikia barua za kazini, mama anatunzia hesabu za mchezo, watoto wanacheza karata, binamu aliyetoka Tabora kusoma anachapa kazi za chuo, na mtoto wa jirani anakuja na barua yake ya kuomba kazi. Windows 95 ilikuwa na kisanduku cha jina na neno la siri, na wengi waliamini kile ni kitasa. Ukibonyeza Esc ulipita. Niliwaonyesha wateja kwa mkono wao wenyewe, na baadhi walinikatalia kwamba mashine yao haiwezi kuwa hivyo.

Ndipo ikazuka elimu ya vichochoroni, ambayo nami niliifundisha. Tuliwafundisha vijana kuipa folda jina lisiloonekana, kwa kushika Alt na kuandika 255, kisha kuivisha ikoni tupu, ikawa kama nafasi wazi juu ya skrini. Tuliongeza namba ndefu mwishoni mwa jina, folda ikageuka sura ikawa kama Control Panel. Kulikuwa na faili dogo lililoitwa locker, likinakiliwa kwa flashi kutoka kafe hadi kafe: ukilifungua linaomba neno la siri, na ukikosea folda haitokei. Ila neno lenyewe liliandikwa ndani ya faili lilelile, na yeyote aliyelifungua kwa Notepad alilisoma. Hakuna hata njia moja kati ya hizo iliyofunga kitu. Zote zilikuwa namna za kuficha, na kwa mtu anayejua pa kutazama hazikumchukua dakika.

Niliyajua hayo kichwani. Yaliniingia moyoni kuanzia kama mwaka 2006, flashi zilipoenea na virusi vyake. Virusi vya wakati ule vilikuwa na tabia ya kuzificha folda za mtu na kuweka badala yake mafaili bandia yenye sura ya folda. Watu walikuja wakilia kwamba kazi zao zimepotea. Dawa ni mstari mmoja wa amri, attrib, unaoondoa alama za kuficha kwenye diski nzima. Nilikwenda nyumba moja Sinza, familia imekaa nyuma yangu inasubiri, nikaandika amri ile nikabonyeza Enter. Folda zilizofichwa na virusi zikarudi. Na pamoja nazo ikatokea folda iliyofichwa na binti wa nyumba ile kwa mkono wake, maana amri haitofautishi kati ya alama ya virusi na alama ya mtu. Jina la folda lilitosha kuwaeleza wote kilichomo: yalikuwa majibu ya hospitali. Yule binti alisimama akatoka nje. Sijawahi tena kuandika amri ile mbele ya watu. Namwomba kila mwenye folda aje peke yake.

Nimefanya kazi hii zaidi ya miaka ishirini, na nataka kusema jambo moja kwa wanaodhani kwamba folda iliyofichwa lazima iwe na uchafu. Niliyokutana nayo mengi ni ya huzuni, au ya aibu isiyostahili kuwa aibu. Nimekuta hesabu za mama anayeweka akiba bila mumewe kujua ili ada ya watoto isikosekane, barua ya kuomba kuhama kazi ambayo haijatumwa, mashairi ya mtu anayeogopa kuchekwa. Bibi yangu alifunga ufunguo wa sanduku lake kwenye pindo la khanga, na hakuna aliyemuuliza ana nini humo. Heshima ile iliyopewa sanduku haikufika kwenye kompyuta.

Waliotengeneza Windows walijua tatizo. Windows XP ya mwaka 2001 iliruhusu mtu kuifanya folda yake kuwa ya faragha, asiione mwenye akaunti nyingine. Lakini katika toleo la Home kulikuwa na akaunti ya Administrator isiyo na neno la siri, na ukiiwasha mashine kwa Safe Mode unaikuta mlangoni inakusubiri. Hata bila hiyo, ungechomoa diski ukaipachika kwenye mashine nyingine, ukajitangaza mwenye mali. Mwezi Julai 2006 Microsoft ilitoa bure programu ndogo iitwayo Private Folder, iliyompa mtu folda moja yenye neno la siri. Nilifurahi, maana hicho ndicho wateja wangu walichokuwa wakikiomba tangu siku ya kwanza. Haikumaliza hata mwezi. Wasimamizi wa kompyuta za makampuni walilalamika: mfanyakazi akificha kazi ya kampuni humo, au akisahau neno lake, nani ataifungua? Ikaondolewa. Hoja yao ilikuwa na maana ofisini. Kwa familia ya Sinza, kitu kilichofaa kiliondolewa kwa ajili ya shida za watu wengine, na nadhani haikuwa haki.

Lililobaki lilikuwa kufuli la kweli, na hilo ndilo alilokuwa nalo Mwalimu. Tangu Windows 2000 mfumo uliweza kuyavuruga maandishi ya faili kwa hesabu, yasisomeke bila ufunguo. Katika XP haikuwa katika toleo la Home, ila katika Professional, na mashine ya Mwalimu ilikuwa Professional. Mwanawe aliyesoma kidogo mambo haya alimwekea alama kwenye kisanduku kimoja, majina yakageuka kijani, na baada ya hapo Mwalimu alifungua na kufunga kama kawaida bila kuulizwa chochote. Ufunguo ulikuwa umehifadhiwa ndani ya akaunti yake. Akaunti ilikuwa C. Nami nilifuta C.

XP haikumwambia mtu yeyote kwamba kuna ufunguo wa kunakiliwa na kuwekwa pembeni. Ukumbusho huo uliongezwa katika matoleo yaliyofuata. Lakini mimi ni fundi, na herufi za kijani nilikuwa nimeziona hata kabla ya kufuta, nikadhani ni pambo. Nilirudi Magomeni kumweleza. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama kuna mtu duniani anayeweza kuyafungua. Nikamwambia hapana. Wiki ile alinunua daftari kubwa akaanza upya orodha ya ukoo kwa kalamu, na wazee watatu kati ya aliokuwa amewauliza mara ya kwanza walikuwa wamekwisha kufariki.

Mwaka uliofuata, 2008, Hong Kong ilitikisika kwa picha za siri za mwigizaji mmoja zilizovuja baada ya kompyuta yake kupelekwa kwa fundi; aliyezinakili alifungwa. Wateja walianza kuniuliza maswali ambayo zamani hawakuyauliza, na nilishukuru. Baadhi niliwawekea TrueCrypt, iliyotoka mwaka 2004, iliyotengeneza sanduku moja lililofungwa kwa neno la siri, nikiwaonya kwamba wakilisahau sitaweza kuwasaidia. Mwaka 2014 waliokuwa wakiitengeneza waliiacha ghafla, nasi tukahamia VeraCrypt. Sheria nayo imefika: tangu Mei 2023 Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi. Lakini sheria haifungui faili lililopoteza ufunguo.

Na yaliyompata Mwalimu yanarudi kwa mlango mwingine. Tangu toleo la Windows 11 la mwaka 2024, kompyuta nyingi mpya hufunga diski nzima zenyewe mara tu unapoziwasha kwa akaunti ya Microsoft, hata zile za Home. Ni jambo jema; mwizi akiibeba laptopu yako hasomi kitu. Ila siku ubao wake mkuu utakapobadilishwa, au hata baada ya marekebisho madogo ya ndani, inaweza kukuomba namba ya tarakimu 48. Namba hiyo iko kwenye akaunti yako, na watu wengi wanaoniletea mashine akaunti hizo walifunguliwa na muuzaji dukani, kwa barua pepe ambayo hawaikumbuki.

Msomaji, kama una kompyuta iliyonunuliwa karibuni, ingia kwenye akaunti hiyo leo, tafuta tarakimu hizo 48, ziandike kwa kalamu kwenye karatasi, na uiweke karatasi hiyo pamoja na hati ya kiwanja. Na fundi akikwambia kwamba D haiguswi, muulize kwanza ufunguo uko wapi.