Mtoto wa Kanyenye na Lugha Zake Mbili

Hivi karibuni niliitwa wodini kuwa mkalimani katika mji wangu mwenyewe. Bibi yetu mmoja wa ukoo, mkazi wa Kanyenye kwa zaidi ya miaka 50, alikuwa amepatwa na kiharusi. Mama huyu aliuza karanga na asali sokoni kwa Kiswahili, na hata kugombana na majirani aligombana kwa Kiswahili. Alipopata fahamu, Kiswahili kilikuwa kimetoweka. Kimebaki Kinyamwezi kitupu. Muuguzi, binti wa mkoa mwingine, akamwuliza panapouma. Bibi akajibu kwa kirefu, na wajukuu zake watatu waliosimama kando ya kitanda wakatazamana tu.

Nikafasiri. Lakini lilipofika neno moja la namna ya maumivu, nami nikakwama. Nikasema, “Anasema kifua,” nikijua fika kwamba sivyo hasa alivyosema.

Aibu hiyo ndiyo iliyonirudisha kwenye historia, maana Tabora ni mji uliojengwa na watu wa lugha mbili. Richard Burton na John Speke walipofika hapa Novemba 1857, wageni wakipaita Kaze, Speke hakujua Kiarabu wala Kiswahili. Kinywa chake kilikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni akauzwa utumwani na kupelekwa India, ambako alijifunza Kihindustani. Mwaka 1858 Burton alibaki Kaze, na Speke akaelekea kaskazini kulitafuta ziwa la Nyanza. Swali lilitoka kwa Speke kwa Kihindustani, Bombay akaligeuza Kiswahili, kisha mwingine akaligeuza lugha ya wenyeji. Jibu likarudi kwa njia hiyo hiyo. Baadaye Burton alimdhihaki mwenzake kwa kutegemea maneno yaliyopita vinywa vingi namna ile. Hata hivyo ziwa lilikuwapo, tena kubwa kama walivyoambiwa. Speke akapata sifa ya ugunduzi. Bombay, mtu wa lugha zaidi ya mbili, hata kichochoro chenye jina lake sikijui hapa mjini.

Wapagazi wa Kinyamwezi nao walikwenda pwani na pembe za ndovu, wakarudi na nguo, shanga na Kiswahili. Hakuna aliyewafundisha darasani. Wafanyabiashara wa pwani, kwa upande wao, waliingia katika nyumba za watemi. Baba yake Tippu Tip alimwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Zipo familia za Tabora mpaka leo ambazo ukiwauliza wao ni Wanyamwezi, Wamanyema au Waarabu, watakujibu, “Kaa kwanza unywe chai.”

Katika nyakati zile Kiswahili hakikukifukuza Kinyamwezi. Kimoja kilikuwa cha soko na safari, kingine cha shamba, ngoma na msiba. Kufukuzana kumekuja katika siku zetu. Katika shule moja ya msingi niliyosoma, mtoto aliyeteleza akasema lugha ya nyumbani alivishwa kibao shingoni mpaka amkamate mwenzake. Nilikivaa mara mbili. Baada ya hapo nyumbani nikawa namjibu mama kwa Kiswahili, naye akanyamaza. Sina ugomvi na Kiswahili, ndicho kinachonilisha kila wiki kwenye kipaza sauti hiki. Ila sikuelewa, na bado sielewi, kwa nini ilipasa kimoja kiondoke ndipo kingine kikae. Mwalimu Nyerere alianza na Kizanaki, akaongeza Kiswahili na Kiingereza, akasoma hapa Tabora kuanzia 1937, na mwaka 1963 akachapisha tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare kuhusu Julius Caesar. Kizanaki hakikumzuia.

Wataalamu nao waliwahi kuamini kwamba lugha mbili humchanganya mtoto. Mwaka 1962 Elizabeth Peal na Wallace Lambert waliwapima watoto wa miaka 10 huko Montreal, Kanada, wakakuta wenye lugha mbili wamewashinda wenye moja. Utafiti wa Toronto wa mwaka 2007 ulisema lugha mbili huchelewesha maradhi ya usahaulifu uzeeni kwa takriban miaka 4, ingawa wapo wataalamu wanaopinga jambo hilo.

Kuhusu bibi yetu, Wafaransa wawili walikwishabishana zamani. Théodule Ribot aliandika mwaka 1881 kwamba kumbukumbu za awali ndizo hudumu. Albert Pitres, mwaka 1895, akasema la hasha, hurudi kwanza lugha ambayo mgonjwa aliizoea zaidi. Kwa hesabu ya Pitres, bibi angerudi na Kiswahili cha sokoni. Yeye amefuata ya Ribot.

Kesho yake nikamleta mzee mmoja kutoka Isevya. Walizungumza karibu saa nzima, na lile neno langu la kifua likasahihishwa: haikuwa kifua, ilikuwa bega. Muuguzi akaandika. Kabla hatujaondoka, mjukuu wa miaka 9 akasogea kitandani akajaribu: “Mwangaluka.” Alilisema kwa mkazo wa Kiswahili, bapa kabisa, kama asomaye bango. Kinyamwezi kina kupanda na kushuka kwa sauti, na irabu zake ni 7, si 5. Bibi akatikisa kichwa, akalisema polepole. Mtoto akarudia. Akatikisa kichwa tena.