Nchi Ibishapo Hodi

Msomaji, ukipata kufika Kebirigo, katika nchi ya Wagusii, utaona vilima vilivyovikwa chai. Majani yachumwayo hapa hukaushwa katika kiwanda cha papo hapo, kisha chai hupelekwa Mombasa kupigwa mnada. Huko mnadani chai yetu hukutana na ile ya Uganda na Tanzania, na pia ya Rwanda, Burundi na Kongo. Ilikuwa ikikutana hivyo kabla nchi hizo tatu za mwisho hazijaingia katika Jumuiya ya Afrika ya Mashariki. Wakulima walikwisha kuwa majirani wa soko moja, na marais wao walikuwa bado hawajatia sahihi.

Nataka tutazame swali moja. Nchi ibishapo hodi ikiomba kuingia katika Jumuiya, ni nani aulizwaye habari zake? Ni serikali peke yake, ama na wananchi walio katika vyama vyao, vya wakulima, vya wafanyakazi, vya wanawake, vya wanasheria, na makanisa na misikiti yao?

Wazee wa Kigusii walikuwa na jibu katika jambo la posa. Kabla ya ndoa alitumwa mshenga, aitwaye esigani, kuchungua habari za ukoo wa upande wa pili. Esigani mwema hakutosheka na maneno ya mwenye nyumba, maana ni baba gani atakayeisema vibaya nyumba yake mwenyewe? Aliuliza majirani.

Jumuiya ya kwanza haikuwa na esigani. Mkataba wake ulitiwa sahihi Kampala tarehe 6 Juni 1967, na makao yake yakawa Arusha. Juu yake palikuwa na viti vitatu, cha Jomo Kenyatta, cha Julius Nyerere na cha Milton Obote. Mwezi wa Januari 1971 Idi Amin alimpindua Obote. Nyerere akakataa kuketi naye meza moja, na baraza la marais halikukutana tena. Zilikuwako sababu nyingine, hasa manung'uniko ya kwamba Kenya yapata faida kuliko wenzake, na mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika. Mwezi wa Februari mwaka huo Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na njia ya Isebania, iliyo kusini ya Kisii, ikazibwa hadi mwaka 1983. Ugomvi ulikuwa wa wakubwa; adha ikawaangukia Wakuria, ambao kabila lao moja hukaa pande zote mbili za mpaka ule.

Jumuiya ya pili ilipoandikiwa mkataba, Arusha, tarehe 30 Novemba 1999, waandishi wake walikiri makosa ya kale. Katika utangulizi walitaja sababu zilizoiua ile ya kwanza, na mojawapo ni kwamba wafanya biashara na vyama vya raia hawakushirikishwa vya kutosha. Si mara nyingi serikali huandika maneno kama hayo juu ya nafsi zao. Ndiyo maana kifungu cha 127 chamwagiza Katibu Mkuu aweke baraza la kushauriana na vyama hivyo. Utaratibu wake ulikubaliwa mwaka 2012, miaka kumi na mitatu baadaye!

Sasa soma kifungu cha 3, kihusucho nchi ngeni. Chataka mwombaji awe jirani, afuate utawala bora, demokrasia na haki za binadamu, na uchumi wake ulingane na wetu. Masharti mema kabisa. Lakini hata ukikisoma mara mbili hutaona neno lisemalo kwamba wananchi wa nchi ile, au wa nchi zetu, waulizwe kwanza.

Rwanda na Burundi ziliingia mwaka 2007. Sudani Kusini ilipata uhuru tarehe 9 Julai 2011, na kabla ya mwaka kwisha ilikuwa imeomba. Mwezi wa Desemba 2013 vita vikazuka Juba, na watu wakakimbilia Uganda na Kakuma kwetu kwa malaki. Mapatano yalitiwa sahihi mwezi wa Agosti 2015. Tarehe 2 Machi 2016 wakuu wa Jumuiya waliipokea nchi ile. Na mwezi wa Julai mwaka huohuo bunduki zikalia tena Juba. Wako wasemao kwamba ndugu aliye vitani hafungiwi mlango, na hoja hiyo ina uzito. Lakini Sudani Kusini ilikuwa na watu waliojua hali ya nyumba kuliko mawaziri wake. Mwaka 1999, kijijini Wunlit, makanisa yaliwakutanisha Wadinka na Wanuer wakapatana. Watu wa namna hiyo ndio esigani angalianza nao.

Wengine wamelijaribu jambo hili. Mwaka 2005 Umoja wa Ulaya uliweka mpango wa vyama vya raia vya nchi zake kuzungumza na vile vya Uturuki na Kroatia, zilizokuwa zikiomba kuingia. Kroatia iliingia mwaka 2013. Uturuki ingali nje. Mazungumzo hayahakikishi ndoa, wala esigani hakuihakikisha.

Leo Jumuiya yetu ina nchi nane, na Somalia ndiyo iliyokuja mwisho, mwaka 2024. Kongo iliomba mwaka 2019, ikapokewa tarehe 29 Machi 2022. Mwisho wa Novemba mwaka huo, kwa wito wa Jumuiya, watu wa mashariki ya Kongo walikutana Nairobi mbele ya Uhuru Kenyatta, rais mstaafu. Walikuwako wajumbe wa makundi ya silaha, na pamoja nao machifu, wanawake, vijana na waliofukuzwa makwao na vita. Kundi la M23 halikuwamo, na mwezi wa Januari 2025 liliutwaa mji wa Goma. Miezi minane ilikuwa imepita tangu mlango kufunguliwa ndipo watu hao wakasikilizwa. Wengi wa watu wa Kivu husema Kiswahili. Mchuma chai wa Kebirigo angaliweza kuketi kati yao akauliza habari za nyumba yao bila mkalimani.