Nafasi Kumi na Tatu kwa Mia

Ukiniuliza mtoto ana nafasi gani ya kuingia Ilboru, Mzumbe au Kilakala, kabla sijauliza alama zake nitakuuliza amesomea mkoa gani. Wazazi wengine hudhani nawakwepa. Mimi nafundisha historia, na historia ya shule zetu za bweni imenizoesha kuona kwamba alama ni nusu tu ya hesabu. Nusu ya pili ni nani uliyepangwa naye kwenye foleni.

Chukua Tabora. Ilipoanza katika miaka ya 1920, serikali ya Waingereza ilitafuta watemi wa kesho. Gavana Donald Cameron, aliyefika mwaka 1925, alitaka kutawala kupitia machifu, na chifu wa kusoma barua na kuandika hesabu za kodi alipaswa kufundwa mahali fulani. Ukitaka kupima nafasi ya mtoto enzi hizo, uliuliza kwanza baba yake ni nani.

Kambarage Nyerere alikuwa mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki, lakini mama yake alikuwa mmoja wa wake wengi. Alianza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akiwa na miaka 12. Husimuliwa kwamba Mtemi Ihunyo alivutiwa na ustadi wake wa kucheza bao, akamshauri baba yake ampeleke shule. (Kama ni kweli, basi ule ubao wenye mashimo ulikuwa mtihani wake wa kwanza, na haukuwa mtihani mbaya.) Mwaka 1937 akaenda Tabora. Alikuwa na damu ya utemi, na alikuwa na alama nzuri. Vigumu kusema ni kipi kilichomfungulia mlango. Baadaye Rashidi Kawawa naye alipita Tabora, na baba yake alikuwa mwindaji wa tembo.

Uhuru ulipokuja, ukoo ukaondoka kwenye hesabu. Nafasi hazikuongezeka kwa kasi ya watoto. Katika Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, Nyerere mwenyewe aliandika kwamba ni kama asilimia 13 tu ya watoto wa shule za msingi watakaopata nafasi ya sekondari. Isome takwimu hiyo kama mwalimu mwenye darasa la watoto 45. Sita wataondoka na masanduku yao ya bati. Wale 39 umewaandaa miaka yote kwa safari wasiyoisafiri, na hilo ndilo lililomkera.

Halafu likaja suala la sita hao watoke wapi. Kilimanjaro na Bukoba zilikuwa na shule nyingi za misheni tangu ukoloni, na watoto wao walijaza madarasa ya sekondari kuliko wa Lindi au Kigoma. Miaka ya 1970 serikali ikagawa nafasi kimkoa na kiwilaya, wasichana na wavulana kila kundi na orodha yake. Naitetea sera ile. Nchi ambayo madaktari na mahakimu wake wote wangetoka kwenye miteremko ya mlima mmoja isingekaa kwa amani muda mrefu.

Lakini shangazi yangu alizaliwa kwenye miteremko hiyo. Alimaliza darasa la saba mwishoni mwa miaka ya 1970. Binti waliyekuwa wakipokezana naye nafasi ya kwanza darasani alihamia Mtwara, baba yake alipopewa uhamisho wa kazi. Yule wa Mtwara alichaguliwa. Shangazi hakuchaguliwa, wala hakuonyeshwa alama zake. Alisikia orodha ikisomwa hadi mwisho. Wazazi wa kule mlimani walikuja kuchanga fedha wakajenga sekondari zao, nyingine nzuri kabisa, ila kwake zilichelewa. Sijawahi kumsikia akimsema vibaya mwenzake. Ninachomsikia akisema ni kwamba angependa kuziona tu zile alama.

Hapo ndipo ninapotofautiana na waliotunga sera. Kugawa nafasi ni haki. Kumficha mtoto wa miaka 14 alichopata, ili asilinganishe, sioni haki yake. Kenya walikutana na ugomvi kama huu hadharani mwaka 2011, serikali ilipogawa nafasi za shule za kitaifa kati ya shule za umma na za binafsi kwa kufuata idadi ya watahiniwa. Watoto wa shule binafsi wenye zaidi ya alama 400 kati ya 500 walijikuta nje, na wenye shule wakaenda mahakamani. Kelele zilikuwa nyingi, lakini angalau kila mtu alijua namba zake.

Kwetu, tangu shule za kata zilipoenea miaka ya 2000, anayefaulu hupata kidato cha kwanza karibu na kwao. Ushindani umebaki kwenye zile shule chache za vipaji maalumu. Kwa hiyo wazazi nawaambia: msihesabu wastani wa A peke yake. Tafuteni orodha za miaka mitatu iliyopita, mwone wangapi walichaguliwa kutoka mkoa wenu, wa jinsia ya mtoto wenu, na shule yenu imewahi kutoa wangapi. Mzazi mmoja alinisikiliza kwa makini, akaandika yote kwenye simu, kisha akauliza kama bado kuna muda wa kumhamishia mtoto kwa bibi yake Lindi.